Mipaka ya Vita na Swali la Jirani

Yako maoni mawili yasikikayo kila tunapojadili maadili ya vita. Wengine husema kwamba sheria ya vita ililetwa Afrika na Wazungu. Wengine hujibu kwamba wazee wetu walikuwa nayo tangu kale. Kwa maoni yetu, pande zote mbili hazijagusa kiini cha jambo. Ni vigumu kupata taifa lililopigana bila miiko. Swali ni hili: miiko hiyo ilimlinda nani?

Tuanze karibu na nyumbani. George Klima, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya Wabarabaig, majirani wa Wanyaturu wa Singida, aeleza kwamba Mbarabaig aliyemwua Mbarabaig mwenzake alikuwa na hatia ya damu, na fidia ilidaiwa. Lakini kijana aliyemwua mtu wa kabila lililohesabiwa kuwa adui alitunzwa ng'ombe na jamaa zake, kama aliyeua simba. Mwiko ulikuwepo, tena mkali. Ila uliishia mpakani mwa kabila.

Msomaji asiharakishe kuwahukumu wafugaji hao. Mtaguso wa Pili wa Laterano, mwaka 1139, ulikataza wapiga mishale kutumiwa dhidi ya Wakristo. Wasio Wakristo haukuwataja. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1899 ulikataza uporaji vitani, lakini uliyafunga mataifa yaliyoukubali tu, yalipopigana yenyewe kwa yenyewe. Ujerumani ilikuwa mojawapo. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, majeshi yake yaliteketeza vijiji na vyakula kusini mwa nchi yetu. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Mwafrika alikuwa nje ya uzio.

Hata Kumbukumbu la Torati 20 yatutaabisha: mti wa matunda wahurumiwa, na wenyeji wa miji ya Kanaani hawahurumiwi. Lakini nabii Amosi avuka mpaka huo. Katika 2:1 Moabu yahukumiwa kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu. Aliyekosa si Mwisraeli, wala aliyekosewa si Mwisraeli. Hata hivyo Mungu aidai haki ya maiti huyo.

Hapo ndipo mafundisho yetu yapungukapo. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16, lamruhusu Mkristo kupigana vita vya haki, nasi twawafundisha wanafunzi kupima sababu ya vita. Mara chache twawafundisha kumpima yule aliyeachwa bila ulinzi. Mchungaji aitwapo kuwapatanisha wakulima na wafugaji, haitoshi aulize ni nani aliyeanza. Hana budi kuuliza pia ni damu ya nani ambayo kila upande waihesabu kuwa nyepesi. Mwanasheria wa Luka 10 alitaka kujua mpaka wa ujirani. Bwana alimjibu kwa habari za Msamaria.