Kuba la Waridi: Kusoma Umbo la Turmalini

Ukitaja kito cha waridi huku Kanda ya Ziwa, wazee hukumbuka mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1947 mgodi huo wa Dk. John Williamson ulitoa almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Ilichongwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya ua la bruchi ya Malkia Elizabeth II. Almasi ile ni kazi ya pembe: kila uso umepimwa ili mwanga uingie, ugonge chini, umrudie mtazamaji.

Pete ninayoisoma hapa Nansio, Ukerewe, ina rangi ya jamii hiyohiyo, ila kanuni yake ni nyingine kabisa. Ni turmalini ya waridi iliyochongwa kuba: juu imeviringika bila pembe hata moja, chini ni bapa, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la yai. Mafundi huita mkato huu kaboshoni. Madalali wengi huuweka daraja la chini, wakisema jiwe safi hukatwa pembe na lenye kasoro ndilo huviringishwa. Wanasema kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba kuba hudai ufundi wake, na anayelipima kwa kumetameta hajalisoma.

Tuanze na uso. Kuba halirushi cheche. Hubeba doa moja la mwanga linalotembea kadiri kidole kinavyogeuka. Kisogeze kito dirishani ukafuate taswira ya fremu mgongoni mwake. Ikiteleza bila kuvunjika, mng'arisho ni mzuri; ikijikunja ghafla, fundi ameacha bapa mahali pasipotakiwa. Pete hii inapita mtihani huo karibu kote, isipokuwa ukingoni, pale kidole cha fundi kilipochoka.

Ndani ndiko kwenye utajiri. Rangi ya waridi ya turmalini hutokana na manganizi, na fuwele hukua kama nguzo ndefu yenye mistari ubavuni. Mara nyingi hufungia mirija myembamba inayofuata urefu wa nguzo hiyo. Kwenye mkato wa pembe mirija hiyo huvuruga mwanga. Kwenye kuba, ikiwa mingi na imelala sambamba, hukusanya mwanga kuwa mstari mmoja unaoikata mirija kwa upana: jicho la paka.

Hapo fundi hukabiliwa na uamuzi mgumu, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Turmalini ikitazamwa kwa kufuata urefu wa nguzo huonekana imekolea. Ikitazamwa kwa ubavu, hupauka. Jicho la paka nalo halitokei mpaka chini ya kuba pawe sambamba na mirija, yaani jiwe litazamwe kwa ubavu. Kwa hiyo anayetaka mstari analipa kwa rangi, na anayetaka rangi anaupoteza mstari. Fundi wa pete hii alichagua mstari. Waridi lake ni jepesi, lakini limepata mwendo, nami naona alichagua vyema.

Kisha akaharibu. Tumbo la chini ameliacha nene ili karati zisipungue, na kilele cha kuba kimeegemea upande mmoja. Jicho linalotakiwa kupita katikati limehamia pembeni, na nusu yake inafifia kabla ya kufika ukingoni. Uzito ule wa chini hauonekani kidoleni wala hauongezi rangi yenye maana. Unaonekana kwenye mizani tu, siku ya kuuza.

Pwani mkato laini haukuhitaji kutetewa. Pete za fedha za akiki na feruzi zimevaliwa Zanzibar, Mombasa na Omani vizazi kwa vizazi, na hakuna aliyeziona pungufu kwa kukosa pembe. Nako China, Malkia Mama Cixi alipenda turmalini ya waridi iliyochimbwa California, na mafundi wa huko waliichonga kwa mikunjo laini.

Umbo hili lina faida pia kwa mkono unaofanya kazi. Ugumu wa turmalini ni 7 hadi 7.5, karibu sawa na mchanga wa kwazi unaomomonyoka kutoka matale ya Ukerewe. Kwa mchanga huo ncha za jiwe la pembe zingelika kwanza. Kuba halina ncha, na ukingo wa fedha uliolizunguka jiwe hili hauna makucha ya kunasa uzi wa nyavu. Fundi wa fedha hapa amefanya vizuri kumpita mchongaji. Lakini ameziba mgongo, na waridi jepesi lililozibwa mgongo huelekea kijivu.

Ningemwomba sonara autoboe mgongo huo, akilitoa jiwe kwanza, maana moto wa kulehemu hulipasua. Jiwe likiwa nje, lirudi kwa mchongaji apunguze tumbo na kurudisha kilele katikati, hata kama karati zitapungua. Akishindwa, lifanywe kidani chenye mgongo wazi: mwanga utapita nyuma yake na rangi itapona, ingawa mstari utabaki umepinda. Kwa hereni silipendekezi. Hereni hudai jiwe la pili lenye mirija na rangi inayolingana, na mwenzi wa jiwe lililopinda hivi atalazimika kuchongwa vibaya makusudi.