IST ya 2004, namba E

Tangazo la gari Dar es Salaam halianzi na mwaka, linaanza na namba. "IST namba E, AC ipo vizuri, haidaiwi." Mwaka wa kutengenezwa, kama umeandikwa, uko mwishoni kabisa, na mara nyingi ni 2003 au 2004. Ile E ni herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho kwenye kibao, nayo hueleza gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani. Kwa mnunuzi wa Tandika au Tegeta, huo ndio umri wa gari. Miaka liliyotembea Japani haimsumbui sana, maana barabara za kule anaziamini kuliko za Mbagala.

Toyota IST ya kwanza ilitoka Mei 2002 ikakoma kutengenezwa 2007. Mafundi huitambua kwa herufi za chesisi: NCP60 kwa injini ya cc 1,300 na NCP61 kwa ya cc 1,500. Wamarekani waliuziwa gari hilo kwa jina la Scion xA, na huko ilitoweka sokoni baada ya toleo la 2006. Jirani zetu wa Kenya huzuia gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo ilipofika 2015 NCP60 ya mwisho ilikuwa imefungiwa mlango Mombasa. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikuweka ukomo. Iliweka kodi, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo iliyoijaza Kinondoni IST.

Tupige hesabu, kwa viwango vya miaka ya karibuni. Gari linapofika bandarini hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25 ya thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa, asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000. Kisha inakuja adhabu ya uzee: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, asilimia 30 likizidi kumi. VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya vyote hivyo. Tozo ndogondogo, kama ya reli, tuziache.

Chukua mfano wa IST kuukuu ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) imeithaminisha dola 2,000. Forodha ni dola 500, ushuru wa bidhaa 125, adhabu ya uzee 750, VAT kama 607. Jumla ya kodi inakaribia dola 1,982, yaani karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Mwenye gari analalamika, na ana haki ya kulalamika. Lakini weka pembeni yake gari la miaka sita lenye thamani ya dola 6,000, lisilo na adhabu yoyote: kodi yake inafika kama dola 3,292. La kwanza linatoka bandarini kwa dola elfu nne kasoro kidogo, la pili kwa zaidi ya elfu tisa.

Adhabu hii ni asilimia ya thamani, na thamani ya gari huporomoka kwa kasi kuliko adhabu inavyopanda. Kila mwaka gari linapozidi kuzeeka, asilimia 30 inakuwa asilimia 30 ya kitu kidogo zaidi. Kama lengo lilikuwa kuwasukuma watu kwenye magari mapya, kwa maoni yangu silaha iliyochaguliwa ni butu. Kama lengo lilikuwa kukusanya mapato bila kumnyima usafiri mtu wa kipato cha kati, imefanya kazi vizuri sana.

Upande wa pili wa bahari nako kuna msukumo. Mjapani hupeleka gari lake kwenye ukaguzi wa lazima, wa kwanza baada ya miaka mitatu kisha kila baada ya miwili, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda. Gari linamshinda mwenyewe likiwa bado zima, na usukani uko kulia kama wetu.

Hata hivyo, bei ya bandarini peke yake isingeiweka IST barabarani mpaka leo. Magari mengine ya bei chee yalikuja yakaishia juu ya mawe. Nenda duka lolote la spea Gerezani usikilize watu wanavyoagiza. "Kaka, una pampu ya maji ya NZ?" Muuzaji haulizi ni ya gari gani. Injini za 1NZ na 2NZ zimefungwa kwenye Vitz, Platz, Funcargo, Raum, Probox, Succeed, hata Allion na Premio za cc 1,500. IST yenyewe ilijengwa juu ya jukwaa la Vitz ya kwanza. Kwa hiyo mwenye IST hategemei idadi ya IST zilizopo mjini. Anategemea ukoo mzima. Spea inayofaa magari manane inamlipa mwenye duka hata akiiweka mwaka mzima, na fundi aliyejifunzia kwenye Probox ya mizigo hana cha kubahatisha akifungua boneti ya IST.

Injini hiyo pia hutumia cheni kuzungusha kamshafti badala ya mkanda wa mpira, na giaboksi ya IST ya kwanza ni otomatiki ya kawaida yenye gia nne. Hapa ndipo kizazi cha pili, kilichotoka 2007, kilipokwama kwa muda. IST mpya ya cc 1,500 ya kuvuta magurudumu mawili ilikuja na giaboksi ya CVT, ile isiyo na hatua za gia. CVT inataka oili yake maalumu. Ukimimina ile ya otomatiki ya kawaida, mkanda wa chuma ulio ndani huanza kuteleza na giaboksi hufa taratibu. Sifa mbaya ya "magari ya CVT" vijiweni, kwa kiasi kikubwa, ni sifa mbaya ya oili isiyo sahihi.

Kasoro ya NCP60 kwa Dar ya pembezoni ni kimo. Chamazi na Bunju zina njia za vumbi ambazo masika huzigeuza mitaro, na gari hili lilibuniwa kwa lami. Jibu la mitaani ni kulinyanyua: vipande vya kuongezea juu ya shokapu, wakati mwingine springi ngumu zaidi. Tumbo linapona, ila bushi na boljointi huchakaa mapema kwa kuwa pembe za mguu zimebadilika. Hilo nalo halimzuii mtu, maana bushi ni zilezile za ukoo wa Vitz.

Wanaodhani mambo haya ni ya mitumba tu waitazame Land Cruiser 70. Umbo lake ni la 1984, injini yake ya 1HZ ni ya 1990, na Afrika imeendelea kuuzwa ikiwa mpya kabisa, kwa sababu sheria za hewa chafu zilizoiondoa kwingine hazikuifuata huku. Kombi ya Volkswagen ilidumu Brazili hadi Desemba 2013, ikaondolewa na sharti la mifuko ya hewa na breki za ABS lililoanza mwaka uliofuata. Wateja walikuwa bado wapo.

Kwa NCP60, sheria ya kuiondoa Tanzania haipo. Kinachopungua ni hazina yenyewe: Japani haijaongeza hata moja tangu 2007, na kizazi cha pili nacho kilikoma 2016, bila gari jingine kurithi jina.