Muuaji Mmoja, Wanunuzi Wengi

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kuanza na fani na maudhui, kisha hadhira tukaiweka nyuma kama mgeni aliyechelewa karamuni. Filamu ya kutisha haikubali mpangilio huo. Utanzu huu umeundwa kwa ajili ya mwili wa mtazamaji: moyo uende mbio, mikono ifunike macho, kiti kisikalike. Kwa hiyo mhakiki hana budi kuuliza kwanza watazamaji walifanya nini. Swali la pili, ambalo huulizwa kwa nadra, ni hili: kile walichokifanya kinatuambia nini juu ya uovu walioonyeshwa?

Tuchukue mfano wa The House That Jack Built, filamu ya Lars von Trier wa Denmark, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes, Ufaransa, mwezi wa Mei 2018. Iliripotiwa kwamba watazamaji zaidi ya 100 walitoka ukumbini kabla haijamalizika. Waliobaki walisimama wakaipigia makofi kwa dakika kadhaa. Tangu usiku huo mjadala wake umekuwa wa pande mbili. Upande mmoja unasema kuwa kuonyesha mateso ya wanawake na watoto kwa kirefu namna ile ni ukatili uliovikwa joho la sanaa. Upande wa pili unajibu kuwa msanii ana haki ya kuingia gizani, na asiyestahimili na atoke. Naona pande hizi mbili, pamoja na ugomvi wao, zimekubaliana juu ya jambo moja kubwa: kwamba uovu unaojadiliwa umo ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Filamu yenyewe ndivyo ilivyojengwa. Mhusika mkuu, Jack, anayeigizwa na Matt Dillon, ni mhandisi anayetamani kuwa msanifu majengo. Kwa muda wa miaka 12, katika Marekani ya miaka ya 1970 na baadaye, anaua watu na kuhifadhi maiti zao katika chumba cha barafu. Simulizi imegawanywa katika matukio 5, na kiunganishi chake ni mazungumzo baina ya Jack na Verge, mzee anayemsindikiza kuelekea Jahanamu kama Virgil alivyomsindikiza Dante. Nyumba aliyoshindwa kuijenga kwa mbao na matofali anaijenga mwishoni kwa maiti. Huu ni usanifu wa hali ya juu, na sitaki kuudharau. Lakini kila kitu humo, tangu ucheshi wake mchungu hadi picha zake za michoro ya kale, kinazunguka nafsi ya Jack. Wanaouawa wanapita. Miji wanamokaa inapita. Mtazamaji anabaki na mtu mmoja wa kumchukia au kumstaajabia, na akishachagua moja ya hayo mawili, hana tena la kuulizwa.

Sasa tuihamishe filamu hii kwa fikra, tuipeleke Igalula. Igalula iko katika wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora, kwenye reli ya kati, upande wa mashariki wa mji wa Tabora. Reli hiyo, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilifuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Tura, Rubuga na Kigwa, majina ya jirani yake, yamo katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 kama vituo vya kupumzikia kabla ya kufika Unyanyembe. Ni nchi ya miombo, nyuki na tumbaku. Nimeichagua kwa sababu mtazamaji wa nchi hiyo ana elimu ya hofu ambayo mtazamaji wa Cannes hana.

Kwanza, namna yake ya kutazama ni nyingine. Katika miaka ya 1990 na 2000 sinema ilienea bara kwa njia ya mabanda ya video, yale ambayo vijana huyaita vibanda umiza: mabenchi, televisheni moja, jenereta inayonguruma nje. Filamu za kigeni zilisikika kwa sauti za wafasiri, na aliyevuma zaidi ni Lufufu wa Dar es Salaam, yaani Derek Mukandala, aliyezisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili, akieleza, akitania na kuonya. Katika banda watu hawanyamazi. Humwita mhusika asifungue mlango, humtukana mwovu, huulizana amemfanyia nini huyu. Hofu hupokelewa kwa pamoja, na kimya cha ukumbi wa Ulaya, ambapo kila mmoja hutetemeka peke yake, hakipo.

Pili, na hili ndilo zito, mtazamaji huyo amewahi kuishi karibu na mauaji ya mfululizo ambayo hayakuwa na Jack. Kuanzia mwaka 2007 hivi, mikoa ya Kanda ya Ziwa, pamoja na Tabora na Kigoma, ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Makumi waliuawa katika miaka iliyofuata, na wengine walikatwa viungo wakabaki hai. Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Machi mwaka huo huo wananchi waliitwa kupiga kura za siri, kila mtu aandike katika karatasi jina la anayemshuku. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu kifo watu 3 kwa mauaji ya mtoto mmoja, nayo ikawa hukumu ya kwanza ya aina yake.

Msomaji atazame mnyororo wake. Palikuwa na mwenye panga, na huyo mara nyingine alikuwa jirani au ndugu. Palikuwa na dalali. Palikuwa na mganga aliyeahidi kwamba kiungo cha binadamu kitaleta dhahabu katika shimo la mchimbaji au samaki katika wavu wa mvuvi. Na juu yao wote palikuwa na mnunuzi, ambaye alikuwa na fedha na ambaye mahakama haikumfikia kwa urahisi. Mitaani katika miaka ile watu wenye ualbino waliitwa kwa neno moja ambalo mhakiki wa lugha hawezi kulipita: waliitwa dili. Mtu anapita njiani, na watoto wanamtaja kwa jina la biashara. Neno hilo halikubuniwa na mwendawazimu aliyejificha. Lilikuwa midomoni mwa watu wa kawaida, tena kwa kicheko.

Kwa mtazamaji mwenye elimu hii, filamu ya Jack ina kasoro ambayo waliotoka Cannes hawakuitaja. Naamini hatauliza kwa nini damu ni nyingi. Atauliza: anamuuzia nani? Nani amemtuma? Na filamu haina jibu, kwa kuwa Jack hana mteja. Anaua kwa ajili ya sanaa yake tu. Ukatili usio na bei ni anasa ya mawazo, na ndiyo maana, pamoja na maiti zake zote, filamu hii kwangu inatisha kidogo kuliko inavyodhani.

Kuna mahali pamoja tu inapokaribia ukweli huo. Katika tukio la nne Jack yumo katika nyumba ya ghorofa pamoja na mwanamke anayekusudia kumuua. Mwanamke amekwisha kumwendea polisi huko nje, naye polisi amewadhania ni walevi akawapuuza. Anapopiga kelele kuomba msaada, Jack anamwachia apige. Kisha anafungua dirisha, naye mwenyewe anapiga kelele kwa sauti kubwa, ili amwonyeshe kwamba hakuna atakayekuja. Na kweli hakuna anayekuja. Katika dakika hizo chache kamera haimhusu Jack tena. Inahusu madirisha ya majirani. Lau von Trier angekaa hapo, tungekuwa na filamu nyingine. Lakini anarudi upesi katika kichwa cha muuaji, na madirisha yale yanasahauliwa.

Filamu iliyokaa hapo ipo, tena imezungumzwa kwa Kiswahili. White Shadow ya Noaz Deshe ilionyeshwa Venice mwaka 2013 na kupata tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwongozaji. Inamhusu Alias, kijana mwenye ualbino anayeigizwa na Hamisi Bazili. Baba yake anauawa, na mama yake anampeleka mjini kwa mjomba wake Kosmos, ambaye anaigizwa na James Gayo. Mauaji hayo yanaoneshwa gizani, kwa kamera inayotikisika kama mtu anayekimbia, hata mtazamaji hana uhakika ameona nini. Mahali ambapo von Trier anatulazimisha kutazama, Deshe anatunyima kuona, na sikio linabeba kazi ya jicho.

Ila nguvu ya filamu hii imo katika sehemu ambazo hazina damu. Mjini Alias anakuwa mchuuzi. Anatembeza miwani ya jua, filamu na simu. Kosmos ana madeni, na kila mazungumzo yake yanaishia kwenye fedha. Pole pole mtazamaji anatambua kwamba katika mji huu kila kitu kinauzwa, na kwamba kijana anayetembeza bidhaa ni bidhaa yeye mwenyewe. Anayemwangalia barabarani huenda anataka miwani, na huenda anampigia hesabu. Taharuki ya namna hiyo haiishi muuaji anapokamatwa, kwa sababu soko halikamatiki. Wala mtazamaji hapewi mlango wa kutokea kama wa Cannes. Amtoroke nani, na huku yeye pia ni mpita njia aliyesimama akaangalia?

Haina budi kusemwa kwamba filamu hii nayo ina upungufu. Inarefuka pasipo haja. Uhusiano wa visa vyake hulegea katikati. Na kuna nyakati ambapo jicho la mgeni linapenda mno moshi, tope na ghadhabu ya umati, kana kwamba Tanzania ni mandhari ya jinamizi. Mganga wake ni kikaragosi tuliyekwisha kumzoea, na mnunuzi, ambaye ndiye mhusika aliyetakiwa kuandamwa, anabaki kivulini. Pamoja na hayo, imeliuliza swali lenyewe.

Hapa pana hatari ya kuteleza. Tukiitaja Tabora na njia ya misafara, mwepesi wa hukumu atasema kuwa nchi iliyopitisha pembe na watumwa ndiyo iliyorithi biashara ya viungo. Hoja hiyo haina mashiko. Mauaji haya hayakuwa mila ya Wanyamwezi. Yalishika kasi katika zama zetu, zama za migodi midogo, simu za mkononi na utajiri wa ghafla. Na njia ile ilikuwa na ncha mbili: waliopanga bei ya binadamu hawakukaa Unyanyembe peke yake, na soko kubwa lilikuwa hapa Unguja, hadi lilipofungwa mwaka 1873. Ikiwa njia ya misafara ina funzo, basi ni hili, kwamba mnunuzi huweza kukaa mbali na damu, akajiona msafi.

Visiwani tunayo hofu yetu ya kuhakiki. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulipoenea Pemba na Unguja, watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi, wakikesha pamoja. Kulikuwa na uzuri katika kukesha huko. Lakini hofu hiyo hiyo ilimwua mtu asiye na hatia mjini Zanzibar, mgonjwa wa akili kutoka bara aliyekuja kutafuta matibabu, kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Usukumani na Unyamwezini vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu huo ni wa moshi wa jikoni. Hofu inayotafuta sura moja ya kuichukia huipata upesi, na kwa kawaida ni ya mnyonge. Filamu za muuaji mmoja, hata zilizo bora, hutuzoeza utafutaji huo. Zile za majini, kama Shumileta ya Mussa Banzi, hutupeleka mbali zaidi, kwa kuutoa uovu nje ya binadamu kabisa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2024 mauaji ya mtoto mdogo mwenye ualbino mkoani Kagera yalitukumbusha kuwa jambo hili halijawa historia. Kwa hiyo pendekezo langu ni la vitendo. White Shadow ioneshwe Ngome Kongwe, ambako tamasha la filamu la Zanzibar limekuwa likifanyika tangu mwaka 1998, na ioneshwe pia katika mabanda ya Igalula na Kigwa, ambako watazamaji husema na filamu badala ya kuinyamazia. Taa zikiwashwa, watu wasiulizwe kama waliogopa. Waulizwe yule mnunuzi ambaye filamu haikumwonyesha ni nani, anakaa wapi, na sisi tunamwamkia vipi tukikutana naye.