Kupima Kikwembe, Chandarua na Kitanda cha Mtoto Mchanga Kusini mwa Maniema

Ubora wa kifaa cha mtoto mchanga ni uwezo wake wa kuhimili uzito, mate, mkojo, jua na mikono ya ndugu wakubwa bila kugeuka hatari, na uwezo huo hauonekani katika mng'ao wala katika picha ya mtoto mnene iliyochapwa kwenye boksi. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo (OCC), iliyoanzishwa mwaka 1974, ndiyo yenye jukumu la kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Lakini katika masoko ya Kasongo na Kabambare, bidhaa iliyotolewa kwenye boksi lake na kuuzwa rejareja huwa imekwisha kuachana na karatasi zake, hivyo mkaguzi wa mwisho ni mzazi mwenyewe, kwa macho na vidole vyake.

Kikwembe, ambacho Waswahili wa pwani hukiita mbeleko kinapobebewa mtoto, ni kifaa cha zamani kuliko vyote na pengine ndicho bora kuliko vyote. Kipande cha yadi 6 hutoa vikwembe 3, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban sentimita 183, ambao humtosha mama mwembamba kwa mzunguko mmoja na fundo lakini humpunja mama mnene. Kitambaa hafifu mara nyingi huongezewa wanga ili kionekane kizito. Ncha yake ikiloweshwa na kufikichwa kiganjani, wanga hutoka kama uji mwepesi, na kinachobaki hulegea kama shashi. Baada ya hapo kivutwe kimshazari mbele ya mwanga, kwa sababu nyuzi zilizofumwa kwa kubana hurudi mahali pake, ilhali zilizoachana huacha mianya. Kikwembe kilichozeeka huanza kufa pale fundo linapokaa siku zote, na hapo ndipo pa kukagua kwanza. Ubebaji nao una vipimo vyake: magoti ya mtoto yawe juu kuliko makalio, miguu itanuke, kidevu kisigandamane na kifua, kwani mtoto aliyekunjika shingo hukosa hewa pasipo kulia. Anayesafiri kwa pikipiki sharti achomeke ndani kila ncha inayoning'inia, maana gurudumu na mnyororo havichagui kitambaa cha bei. Si vibaya kukumbuka kwamba madaktari wa Bogotá, Kolombia, walipokosa mashine za kutosha za kutunzia watoto njiti mwaka 1978, walirudia kumfunga mtoto kifuani kwa mama.

Chandarua, ambacho wengi Maniema hukiita mustikeri, kinastahili uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa Kongo hubeba takriban kisa kimoja kati ya kila visa vinane vya malaria duniani, na watoto walio chini ya miaka 5 ndio takriban robo tatu ya wanaokufa kwa ugonjwa huo barani Afrika. Chandarua chenye dawa ya kudumu, yaani dawa iliyounganishwa na uzi kiwandani, hutarajiwa kuhimili kufuliwa mara 20 na kutumika miaka 3. Uzito wa uzi hupimwa kwa denieri, ambayo ni gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa hiyo chandarua cha denieri 100 huchelewa kuchanika kuliko cha 75. Matundu yasipungue 24 katika sentimita moja ya mraba, na anayetaka kuhakikisha hukata dirisha la ukubwa huo kwenye karatasi, akaliweka juu ya wavu na kuhesabu. Vitanzi vya pembeni vivutwe kwa nguvu, kwani mshono wa darini ndio huachia mapema, na pindo liwe refu kiasi cha kuingia chini ya mkeka, si chini ya godoro tu. Kufua ni kwa sabuni ya kawaida bila maji ya javeli, mbali na mto, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Chandarua kilichokwisha kuvua samaki katika mto Lualaba hakirudi tena kitandani.

Kitanda cha seremala huhukumiwa kwanza kwa ukavu wa mbao. Mbao mbichi husinyaa ndani ya nyumba, misumari ikalegea na mianya ikapanuka, na kitanda kilichokuwa salama siku ya kununuliwa kikawa mtego. Mvule uliokauka haupendwi na mchwa, ila sharti upigwe msasa vizuri. Kiungo cha ulimi na tundu, ambapo ncha ya ubao mmoja huchongwa na kuingizwa katika tundu la mwingine, hushinda msumari. Marekani hutaka mwanya kati ya fito usizidi sentimita 6, na Ulaya huruhusu kati ya 4.5 na 6.5. Kwa kuwa kopo la soda la mililita 330 lina kipenyo cha takriban sentimita 6.6, kitanda kinacholipitisha kopo hilo kirudishwe karakana. Godoro likibonyezwa lirudi mara moja, na kati yake na fremu visipite vidole viwili. Kuhusu rangi, mkono na jicho hushindwa: risasi, metali yenye sumu kwa ubongo wa mtoto, haina harufu wala dalili, na mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda. Kwa hiyo mbao zisizopakwa rangi ni bora kuliko rangi isiyojulikana asili yake.

Biberoni, yaani chupa ya kunyonyeshea, haihitaji maneno mengi, kwani kikombe na kijiko husafishika kwa urahisi zaidi, na mtoto wa chini ya miezi 6 hunyonya tu. Kigari cha kumfundishia mtoto kutembea kilipigwa marufuku Kanada mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuanguka ngazini na kufikia vitu vya moto. Kikionekana sokoni Kasongo, kiachwe hapo hapo kwa muuzaji.