Wataja Nasaba

Mwaka 1826, John Burke alichapisha London kitabu kilichopanga koo za mabwana wa Uingereza kwa alfabeti, ili kila cheo kijulikane kimetoka kwa nani na kitarithiwa na nani. Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya mpaka wetu wa Goma, ikulu ya Rwanda ilikuwa na watu waliobeba kitabu cha namna hiyo kifuani. Waliitwa abacurabwenge. Waliwataja wafalme wote kwa mfuatano, bila kuruka wala kuchanganya.

Ninawasifu hasa kwa sababu hawakumwacha mama. Kwa Burke, mwanamke mara nyingi huingia kama binti wa fulani au mke wa fulani, na cheo hupita kwa wanaume. Kwa hawa, mfalme alitajwa pamoja na mama yake, kisha wazazi wa mama huyo na ukoo wake: Abega, Abakono, Abagesera. Wazee wetu wakikalia posa nao huuliza: wajomba zako ni nani?

Jina hilo la mama lilikuwa na uzito wa kuangusha ufalme. Mwami (mfalme) Rwabugiri, aliyefariki 1895 safarini katika Ziwa Kivu hili hili, alikuwa amemteua mwanawe Rutarindwa kuwa mrithi. Mama mzazi wa Rutarindwa, wa Abakono, alikwisha kufa, hivyo Kanjogera wa Abega akawekwa mahali pake. Kanjogera alikuwa na mwana wake mwenyewe, Musinga. Mwaka 1896, huko Rucunshu, Rutarindwa aliangamia vitani na Musinga akatawala. Asiyejua akina mama hao hawezi kuielewa vita hiyo hata akiyakariri majina ya wafalme wote.

Padri Alexis Kagame aliketi na wataalamu wa ikulu, akayatia maneno yao katika maandishi. Kitabu chake, Inganji Karinga, kilianza kutoka 1943. Baadaye, mwaka 1959, alikipa kila kizazi miaka 33, na mwanzo wa ufalme ukarudi hadi karne ya 11. Mwanahistoria Jan Vansina, mwaka 1962, alihesabu miaka 24 tu, na karne nzima zikayeyuka. Wapo waliosema basi masimulizi ya mdomo hayaaminiki. Lawama hiyo si haki. Mtaja nasaba alitoa mfuatano na akina mama. Miaka ililetwa na wenye kalamu.

Ni kweli walikuwa watu wa ikulu, na ikulu hupenda nasaba iliyonyooka. Lakini anayetaja upande wa mama hawezi kumfungia mtu katika nyumba moja. Hata ukoo wenyewe si nyumba iliyofungwa: David Newbury, katika kitabu chake cha 1991 kuhusu Ijwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, alionyesha kwamba koo za huko zilichukua sura zake pamoja na ufalme wenyewe, kati ya 1780 na 1840, miongoni mwa watu waliotoka kingo mbalimbali za ziwa. Hapa Goma, ambako swali la asili ya mtu limemwaga damu, maarifa hayo yanatuhusu sana.

Wanafunzi wa historia wa Goma, simu za kurekodia mnazo. Pandeni boti ya Ijwi, nendeni Masisi na Rutshuru, mketi na wazee wangali hai, na mwandike jina la mama kabla ya kuuliza mwaka.