Wanaotangulia Msituni Kahuzi-Biega

Kutoka Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hadi Tshivanga, lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ni kama kilomita 30. Mbele yake ni msitu wa milima, wenye mianzi na vinamasi, ambamo mgeni asiye na mwongozi hupotea upesi.

Wafuatiliaji wa sokwe (gorila), wanaoitwa huku pisteri, hutangulia asubuhi. Huanzia kwenye viota vya jana, maana sokwe hutandika kipya kila jioni, kisha husoma kinyesi, majani yaliyotafunwa na nyayo. Panga mkononi, wao ndio ramani.

Usalama wanaoufundisha ni mwepesi kueleza, mgumu kutenda: dume likikujia kwa kishindo, usikimbie, inama, utulie. Vaa barakoa, kwani mafua ya binadamu yanaweza kumuua sokwe.

Tangu 1970, Mbelgiji Adrien Deschryver alipoiongoza hifadhi ikianza, ujuzi wa Watwa, wenyeji wa asili wa msitu huu, ndio uliowezesha kuwazoesha sokwe kuona watu. Lakini Watwa hao hao waliondolewa msituni miaka ya 1970. Tangu 1997 hifadhi imo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na walinzi kadhaa wameuawa kazini.

Ukifika Tshivanga, wasalimie kwanza hao wanaotangulia, na uwasikilize.