Kabla ya Kushika Spana

Kuanzia Juni hadi Agosti mvua huwa haba Mwanza. Majani ya Capri Point na ya viwanja vya Ilemela hukauka, na mashine za kuyakatia huwekwa stoo zikiwa na petroli tangini. Vuli ikianza, mwenye mashine huvuta kamba mpaka bega linauma, injini kimya. Hapo ndipo ufundi hupimwa. Fundi duni hufungua kila kinachofunguka. Fundi wa kweli huanza na maswali: ilizima yenyewe au ilizimwa? Imekaa muda gani? Mafuta haya ni ya lini? Naamini heshima ya kazi hii imo humo, katika kufikiri kabla ya kushika spana. Ili injini ndogo ya petroli iwake, inataka mafuta yaliyochanganyika na hewa kwa kiasi, moto wa plagi kwa wakati wake, na kompresheni. Ikigoma, kimojawapo kina kasoro, na kazi ni kukijua kabla ya kugusa vingine.

Plagi ndiyo shahidi wa kwanza. Ikitolewa baada ya kamba kuvutwa mara kadhaa, ikiwa imelowa na kunuka petroli, mafuta yanafika, katafute moto. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Baada ya kiangazi mara nyingi huwa kavu, kwa kuwa petroli iliyolala kwenye kabureta imekauka na kuacha utando unaonata, nao umeziba tundu la jeti, jembamba kama la sindano. Tiba yake ni uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, upitishwe taratibu. Sindano ya chuma inaweza kulipanua tundu, na tangu hapo injini itakuwa inakunywa mafuta kupita kiasi. Kuna na jambo la hapa hapa kwetu: uso wa ziwa uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani huweza kuzidisha mafuta na kuijaza plagi masizi. Fundi anayelijua hilo hamuuzii mteja plagi mpya kila mara.

Fikra hizo hizo hushuka hadi majini. Pampu ya bustani ya mboga ikinguruma vizuri bila kuvuta maji, injini isilaumiwe. Litazamwe chujio la mpira wa kuvutia, ambako gugumaji hupenda kunasa. Kwenye injini ya boti, jicho hukaa kwenye kamkondo ka maji kanakoruka nyuma. Kakikatika, huenda maji ya kupoza hayazunguki, na injini izimwe kabla haijanoki. Kunoki katikati ya ziwa, upepo ukiwa umeshika, ni hatari ya uhai.

Wapo wasemao mashine sasa ni rahisi, ikifa nunua nyingine. Lakini mashine ya mchanganyiko inayotaka mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, ikitiwa petroli tupu, hata iwe mpya itakufa kama iliyotangulia. Wengine hulalamika kwamba mafundi wengi hubahatisha. Ni kweli, na inauma. Ila sehemu ya lawama ni yetu wateja: tunalipa bila kinyongo kabureta mpya, kisha tunagombania ujira wa aliyeisafisha ya zamani ikapona. Kwa mwendo huo tunamfundisha fundi kubadilisha vifaa badala ya kutafuta ugonjwa.

Basi msomaji, fundi akikurudishia mashine inayowaka kwa mvuto mmoja, akakueleza ilikuwa na nini na kwa nini, usimkate ujira kwa kuwa alitumia uzi wa shaba tu. Mlipe kamili.